Kumsuka Shangazi Kabla ya Upasuaji

Dada Neema, shikamoo kutoka Goba yenye mvua.

Hili sijamwambia mtu: kila ninapomsuka Shangazi, namwombea kimoyomoyo. Juzi vidole vyangu viligusa uvimbe mgumu shingoni mwake. Mifupa ilikuwa ikimuuma, nasi tukadhani ni ule ugonjwa wake wa figo tu. Leo kliniki nilijikaza nikamwonyesha daktari.

"Umefanya vema, binti," alisema akiupapasa. "Kwa wagonjwa wa figo, tezi ndogo za hapa kuvimba ni kawaida, ndiyo maana saratani ya tezi hizo, ambayo ni nadra, hujificha. Ila uvimbe huu ni mgumu, na kalsiamu kwenye damu yake imepanda mno. Tuitoe tezi, ipimwe, ndipo tutajua."

Tulipofika nyumbani Shangazi akaniita.

"Nitakubali kupasuliwa, ila unisuke kwanza. Na usinisuke ule mtindo wa twende kilioni, mie sijafa."

Tulicheka hadi akashika mbavu. Mwombeeni, Dada, na wadogo uwakumbatie kwa ajili yangu. Nawapenda.

Basi, tulipomaliza kucheka nilileta kiti, nikakaa nyuma yake, nikamsuka nywele zote kwenda juu, shingo ibaki wazi.

Mdogo wako, Upendo