Mstari wa Saba wa Daftari la Baba

Bi Mwanapili mpendwa, shikamoo. Nakuomba msaada, na majina yetu tafadhali yabadilishe gazetini, maana nyumba yetu hapa Mkunazini tumegawiwa vyumba familia sita, na mtu akipiga chafya ghorofa ya tatu wa chini humwombea rehema.

Mie ni msichana wa miaka kumi na sita, mtoto pekee wa mama yangu Bi Kidawa. Baba ni karani wa ghala bandarini, ana wake wawili, mama ndiye mkubwa, mdogo ni Bi Mwatum anayekaa Kikwajuni, na wallahi sijapata kumsikia mama akimtaja kwa ubaya, humwita "mwenzangu" basi. Mwaka huu baba kaambiwa kazini ajifunze Kiingereza kwa ajili ya meli za kigeni, akaingia darasa la alasiri kwa Mwalimu Hamad, na akirudi ananihadithia tunacheka, kwamba Waingereza ati hawawezi kukaa bila ya kulinganisha, huyu anatembea haraka kuliko yule, yule anaimba vizuri kuliko huyu, mvua ya leo imenyesha zaidi kuliko ya jana, na mwalimu kawaambia waandike sentensi kama hizo juu ya watu wa nyumbani kwao, watu wanaowaona kila siku, ndiyo maneno yatakaa kichwani.

Sasa mama, baada ya miaka kumi na tano ya kungoja, alikuwa ameshika mimba, mwezi wa tano. Siku moja baba kasahau daftari kitandani, mama akalifungua. Kiingereza hakijui, lakini jina lake analitambua likiandikwa, akaliona limejaa ukurasa mzima.

"Hebu nsomee," akaniambia. "Mbona mie nimejaa humu?"

Nikasoma, Bi Mwanapili, ningekuwa na akili ningesema ni hesabu za magunia ya karafuu, lakini nikasoma. Mwatum anapika upesi kuliko Kidawa. Mwatum anabeba maji mengi kuliko Kidawa. Mwatum anapanda ngazi haraka kuliko Kidawa. Kidawa anakohoa zaidi kuliko Mwatum. Na mengine kama hayo, mistari sita, kila mmoja mwishowe umetiwa alama ya wino mwekundu. Mama akaweka kidole kwenye zile alama, akauliza, "Na hizi?" Nikamwambia mwalimu ametia sahihi. Akasema, "Kumbe hata mwalimu anajua." Mie najua, hata mtoto wa darasa la tano anajua, kwamba mwalimu anasahihisha maandishi tu, wala hajui nyumbani kwetu nani anabeba maji na nani habebi, na sikumwambia.

Akauliza, "Ndiyo yote?" Haikuwa yote, ulibaki mstari wa saba, na mstari wa saba baba ameandika hivi, Kidawa anavumilia zaidi kuliko sisi sote. Na mie nilikuwa nimejaa hasira mpaka hapa kooni, si kwa baba peke yake, hata kwa mama, kwa vile amekaa ananisikiliza kama anayesomewa habari za watu wengine, nikataka akasirike hata siku moja, avunje hata kikombe. Nikatia kidole kwenye ule mstari, nikasoma: Kidawa ananipenda zaidi kuliko ninavyompenda mimi.

Mama akasema, "Basi." Akalichukua daftari akalifungia kwenye sanduku lake.

Kesho yake akachukua debe akashuka mferejini mwenyewe. Maji huteka mie. Nikamzuia, akanambia, "Mwenzangu anabeba, mie nina nini?" Ngazi zetu unazijua, Bi Mwanapili, ngazi za nyumba za mawe, ghorofa tatu na giza. Siku ya tisa nilimkuta ameketi katikati ya ngazi, debe limemwagika, na yale hayakuwa maji tu. Alikuwa mtoto wa kiume. Tulimzika siku ile ile.

Sasa mama anadai talaka yake. Baba analia, anasema huo mstari hajauandika, anaapa. Mama anasema, "Mwanangu amesoma kwa macho yake, ana sababu gani ya kunidanganya?" Daftari hataki liguswe na mtu. Ijumaa mjomba wangu Kificho anakuja kutoka Makunduchi kumchukua, na baba amesema atashika Msahafu mbele yake ale yamini, na mama kashasema kwamba akila yamini ndipo atakapojua kuwa hamchi Mungu. Baba anadhani nimekosea kusoma, anawaambia watu Kiingereza kigumu, mtoto kakosea, na mie nimenyamaza. Je, niseme kweli nilikosea? Nikisema hivyo baba ataokoka na mama hatanichukia. Au nisemeje? 

Mwenye Kosa

*

Marahaba, mwanangu. Hukuweka anwani, kwa hivyo nakujibu hapa mbele za watu. Majina si yenu na mtaa si wenu. Gazeti hili linatoka Jumatano, na mjomba anafika Ijumaa, basi sina nafasi ya kukubembeleza.

Poleni kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili niliiweka chini nikatoka nje kwanza.

Umeniuliza kama useme ulikosea. Hapana! Kwanza huo ni uongo wa pili, na wa kwanza umeona ulikowafikisha. Halafu fikiri kidogo, wewe uliyesoma. Ukienda kwa mama ukamwambia "samahani, nilikosea", ataamini? Atasema mtoto kamwonea huruma baba yake, kaambiwa aje ayafunike. Atakupapasa kichwa, atafunga mzigo wake, na atakwenda Makunduchi akiwa na ule mstari kifuani mpaka kaburini. Atakaloliamini ni ile kweli yenyewe mbaya, kwa sababu hakuna mtu anayejitungia aibu kama hiyo. Utamwambia: Mama, sikukosea, nilikusudia, nilitaka ukasirike.

Unataka nikwambie kama wewe ndiye uliyemuua ndugu yako. Sikwambii ndiyo na sikwambii siyo. Mimba huharibika kwa watu waliolala kitandani, na mama yako alikuwa na mistari sita mingine ya kumtia debe mkononi, na hiyo hukuitunga wewe. Hilo limwachie Mola. Lililo lako ni ule mmoja, nao unakutosha.

Na unaukasirikia utulivu wa mama? Mtoto, ulidhani aliyenyamaza hana kitu? Sie wanawake wa ukewenza tunajifunza kutotamka "kuliko" ndani ya nyumba, na si kwamba hatulijui neno. Tunalinganisha usiku na mchana, kimoyomoyo: leo kakaa kwangu mpaka adhuhuri, jana kwake mpaka alasiri. Ndiyo maana hatulisemi. Waingereza wanayataja hayo wakinywa chai na hakuna anayekufa, kwao pengine ni mazungumzo tu, sijui, sijaishi nao.

Na wewe baba mtu, ukiwa unasoma hapa na umejitambua, usijione msafi. Mwalimu alisema watu wa nyumbani. Huna jirani? Huna punda wa kumlinganisha na baiskeli? Ghala zima la bandarini, umekosa cha kuandika ila wake zako wawili, mmoja juu ya mwenziwe, na mmoja wao ana mimba! Mungu amekutaka uwe muadilifu baina yao, wewe umewafanyia zoezi. Siku mwanao atakapokwambia aliyoyafanya, usimnyanyulie mkono. Karatasi ni yako.

Sasa, binti, sikiliza. Fanya leo, usingoje Ijumaa, wala usingoje mjomba, maana mbele ya watu mama atalazimika kukulinda au kukutupa, na vyote viwili vibaya. Ingia kwake ukae chini. Mwombe ufunguo wa sanduku. Mpe daftari alishike mwenyewe, usome yote saba polepole, kidole juu ya neno, usiruke la kuumiza. Umweleze zile alama nyekundu ni nini. Ukifika wa saba usome ulivyoandikwa, kisha umwambie ulivyousoma siku ile na kwa nini. Akitaka mtu mwingine ahakikishe, kamwite mwanamke yeyote aliyesoma, hapo hapo. Halafu nenda kwa baba umwambie vile vile, asije akashika Msahafu kwa ajili yako.

Usimwombe mama akusamehe siku hiyo. Msamaha ataupata mwenyewe au hataupata, nawe utakaa pale pale ukimtumikia kwa hali yoyote. Akikupiga, tulia. Akilia, usikimbie.

Na ujue kwamba anaweza kuondoka vile vile. Mistari sita si midogo kwa mwanamke aliyezika mtoto. Ni haki yake. Lakini akiondoka, aondoke kwa yale ambayo mumewe aliyaandika, si kwa lile ulilomwandikia wewe.