Baba Yu Hai, Usipande Ndege

Mtaa wa Isevya,
Tabora.
11 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Majidi,

Asalaam aleikum. Jana kwenye simu hukunipa shikamoo, nami sikudai. Marahaba hata hivyo. U mzima? Umekula? Umelala japo kidogo? Huku mjini sote tu wazima. Naandika kwa mkono ili uutambue mwandiko wangu. Barua pepe yangu najua huiamini tena. Nikimaliza, barua hii itapigwa picha uipate leo hii kwenye simu.

Usipande ndege ya Ijumaa kuja nyumbani. Bosi wako amekwisha kukuambia kwamba usipokuwepo Jumapili kusaini mkataba, nafasi yako atapewa mwingine. Usiitupe kazi ya Maskati kwa msiba ambao haupo.

Ujumbe ulioupata, "Baba anaumwa sana, njoo upesi," niliutunga mimi, lakini sikuutuma. Unajua kwamba tangu niache gazeti nafanya kazi kwenye ushirika wa asali. Ofisi imeweka mawakala wa akili unde, yaani programu zinazowajibu wanunuzi zenyewe, na sasa zimepewa zana ya kutuma barua pepe. Kazi yangu ni kuiandikia zana hiyo maelezo: itumike lini, imwandikie nani, na ni wapi wakala asimame amuulize mtu kwanza. Anayesoma maelezo hayo ni mashine. Shamila, fundi wetu wa kompyuta, alitaka kila kanuni iwe na mfano. Kwenye kanuni ya ujumbe wa dharura nikaweka sentensi hiyo, na anwani yako, kwa kuwa ndiyo niliyo nayo kichwani. Shamila alidhani zana bado iko kwenye majaribio, haitoi kitu nje. Kumbe ilikuwa imeshafunguliwa. Wakala alisoma mfano, akaufanya agizo, akautuma kwa jina langu.

Mtu wa kwingine angeuliza Baba anaumwa nini. Wewe ulisoma kama tunavyosoma sisi: amekufa, na hawataki nijue nikiwa njiani. Sikulaumu. Mama alipofariki, Baba mdogo Sabiri alikuandikia maneno hayo hayo, na ukajua amekufa ulipopewa pole na muuza karanga dirishani mwa treni, stesheni ya Igalula.

Ndiyo maana jana kila nilichosema kilizidi kukutia mashaka.

"Mpe Baba simu."

"Yuko msituni, anarina asali. Hakuna mtandao."

"Msituni! Dada, mimi siyo mtoto. Mmemzika wapi?"

Ukakata.

Sasa nikuambie ninachokijua na nisichokijua. Baba nilimwona Jumapili, baada ya Idd, akipanda gari la warina asali huku akigombana na dereva juu ya ndoo zake. Tangu hapo sijamwona wala kumsikia. Kuhusu leo siwezi kukuapia. Asubuhi nimemtuma Kulwa, jirani mwenye pikipiki, aende kambini kwao huko msituni. Njia ni ya mchanga, na hajarudi. Nami, Majidi, tangu ulipokata simu nimeanza kuliogopa lile nililoliandika mwenyewe.

Maelezo nimeyarekebisha huku nikisubiri. Sasa yanaanza hivi: "Mfano si agizo. Usiutume." Anwani zote za mifano ni za kubuni. Nimeongeza kwamba habari ya ugonjwa au kifo haitumwi na wakala kabisa. Inatumwa na mtu, baada ya mtu mwingine kuisoma. Shamila naye ameifunga zana.

Niliacha kalamu kidogo. Kulwa amefika, vumbi mpaka kwenye kope. Baba amekataa kuondoka na kuacha mizinga wazi, ila amekubali kurekodiwa. Sauti yake nakutumia pamoja na barua hii, lakini nayanakili maneno:

"Majidi, ni mimi baba yako. Kulwa kaja mpaka huku kunipa pole ya kifo changu mwenyewe! Kaa hapo hapo kazini. Na wewe Mwanajuma, neno 'anaumwa' mmeshalichezea. Siku nikifa kweli, mtamwandikia nini mwenzenu?"

Swali ni la haki, nami nalijibu kwa maandishi. Baba akiugua, nitakuandikia ugonjwa kwa jina lake na alichosema daktari. Akifa, nitakuandikia kwamba amekufa, siku hiyo hiyo, hata ukiwa njiani, hata wazee wakinilaumu. Ukiona nimeandika "anaumwa", jua bado anapumua.

Shangazi Hafsa anakusalimu sana. Baba mdogo Sabiri naye anakusalimu. Ameisoma ahadi yangu na hajaipenda. Mungu akutulize moyo, na Jumapili akujaalie heri ukisaini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwanajuma