Koti la Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na hasira haifuti shikamoo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na mama hajambo na kifua chake. Mimi ni mzima wa mwili. Matokeo ya mwisho yametoka, nimefaulu, na mahafali ni mwezi ujao. Najua hizi ndizo habari ulizozisubiri tangu siku uliponipima mabega ukanishonea koti jeupe la kwenda nalo chuoni. Zifurahie hapa hapa, maana zinazofuata hazitakufurahisha.

Jumapili uliponipigia simu, ilikatika katikati ya maneno yako. Haukuwa mtandao, baba. Niliikata mwenyewe, kwa sababu ningeendelea kukusikiliza ningekutamkia neno ambalo mtoto hamtamkii mzazi wake. Kwenye karatasi angalau naweza kulifuta na kutafuta jingine. Ulinieleza kwamba wakaguzi wa maduka ya dawa wamekuja, wamebeba maboksi yote na kutia duka kufuli. Ukasema aliyekuchongea ni jirani yetu, kwa wivu wake, na kwamba sasa hata bombani wanawake wenzake hawamsalimii. Kisha ukaniagiza nije na cheti changu siku ya kusikilizwa shauri, niseme duka lilikuwa langu na kila dawa uliyotoa ulinipigia simu kwanza. Uliyasema hayo kama mtu anayeniomba nipitie sokoni nimletee uzi.

Nilipokuja likizo mwaka wa tatu niliikuta cherehani yako imesukumwa uani, imefunikwa turubai, na chumba cha mbele ulichokuwa ukishonea kimegeuka duka la dawa. Mlangoni mchoraji alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba daktari yupo. Ndani nikakukuta wewe, umevaa koti jeupe sawasawa na langu, kitambaa kile kile, hadi mfuko wa kalamu. Kumbe siku ile ulikata makoti mawili, la pili ukaliweka kabatini. Nilikuuliza daktari ni nani, ukajibu ni mimi, ila kwa sasa unanishikia zamu. Mtaani walikuwa wakitania kwamba fundi hajaacha kazi, amebadilisha sindano tu. Nilikusihi ufunge. Mama alinivuta jikoni akaniambia nifunike kombe mwanaharamu apite, nawe ukasema maboksi yana maelezo na kusoma unajua. Cheti kikifika, ulisema, kila kitu kitakuwa halali. Msumari wa kukitundikia ulikuwa umeshaupigilia, juu ya rafu ya dawa za kikohozi.

Mwanzoni mwa mwaka huu mhadhiri wetu mmoja, mama mkali asiyependa porojo, alitaka kila mmoja asimame aseme atafanya nini na shahada yake ya ufamasia. Mmoja alisema ataenda ng'ambo. Mwingine alisema shahada ni ya mama yake, atamkabidhi kisha aanze kuishi, na darasa zima likacheka. Kisha akasimama kijana tunayemwita Mheshimiwa, kwa jinsi anavyopenda suti. Alisema yeye atakikodisha cheti. Kitakaa ukutani kwenye duka la mtu mwingine, mwenyewe atakuwa kwenye biashara ya magari, na kila mwisho wa mwezi atapokea chake. Hapo hakuna aliyecheka, baba. Wengi walitikisa vichwa kukubali, maana ndio mpango waliokuwa nao. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Niliuona ule msumari wako. Miaka yote ile nilikuwa nasomea msumari. Mhadhiri aliniambia niketi, nitamjibu nikiwa na jibu.

Likizo iliyofuata nikaja nyumbani. Unajua mtoto wa jirani alivyonizoea. Tangu aanze kutembea, nikimwita Bosi tu, huja mbio huku kaptura inamvuka. Safari hii nilimwita akiwa amenipa mgongo, amekaa kizingitini kwao anachezea kifuniko cha sufuria. Hakugeuka. Nikaita tena. Nikapiga makofi karibu kabisa na kisogo chake, hata mama yake akashtuka huko ndani, lakini mtoto aliendelea kuzungusha kifuniko chake. Mama yake alitoka akaniambia nisimjali, amekuwa mkaidi tangu alipougua kifua. Akasema wewe ndiye uliyemtibu, ulimchoma sindano asubuhi na jioni hadi akapona. Kisha akanishukuru. Alinishukuru mimi, baba, kwa sababu ulimwambia dozi nimekupangia mimi.

Niliingia dukani nikaitafuta hiyo dawa nikaiona. Ni dawa ya kweli, inaokoa watu, lakini mtoto hupimwa uzito kwanza, na ikizidi huua masikio, na masikio yakishakufa hivyo hayafufuki. Nilikuuliza ulimpima kwa kitu gani. Ukasema kwa macho. Ukasema maisha yako yote umepima watu kwa macho na hakuna nguo iliyowahi kumbana mtu. Uongo, baba. Koti langu, kitu cha kuvaa na kuvua, ulilipima kwa futi, ukarudia. Mtoto wa watu ukamkadiria. Nilitoka uani nikasimama pale kwenye cherehani yako, nimejaa hasira hata machozi yakagoma.

Kesho yake niliwapeleka hospitali, yeye na mama yake. Daktari wa masikio alithibitisha nilichokijua. Tukiwa njiani kurudi, mama yake aliniuliza kama huko chuoni naweza kumpatia dawa nzuri zaidi ya ile yako. Nilimshikia mtoto.

Nilipokuja kukueleza ulisema ni mapenzi ya Mungu. Siku hiyo hiyo nilikuona ukimhudumia mwingine.

Sasa keti kwanza, baba, ndipo uendelee kusoma. Jirani hakukuchongea. Yeye mpaka leo anakuombea dua. Aliyekwenda kwa wakaguzi ni mimi. Nilivaa koti ulilonishonea, nikataja jina lako, mtaa wetu, na rafu zilipo chupa za sindano. Najua baba mdogo atasema damu ni nzito kuliko maji. Ni nzito kweli, ndiyo maana ofisi ile niliipita nikarudi nikaipita tena kabla ya kuingia. Lakini niliingia, na sijutii. Nenda bombani ukawaambie wale wanawake, wewe mwenyewe, kwamba yule mama hana kosa. Usipokwenda nitakuja kuwaambia mimi.

Siku ya shauri nitafika. Nitasema sikukupa dozi hata moja. Nitasema pia yale mema yako yaliyo ya kweli, kwamba hukukusudia kumdhuru mtu, na kwamba asiye na kitu hukumfukuza. Zaidi ya hapo usinitegemee. Utasema nimekuvua nguo hadharani. Nilipokuwa mdogo nikikushikia kitambaa, ulinifundisha kwamba mshono uliopinda haupigwi pasi, unafumuliwa. Nimefanya ulichonifundisha, na nina hasira nawe kwa kunilazimisha.

Mhadhiri nilimpelekea jibu lake. Shahada yangu haitapanda ukutani kwa mtu yeyote. Nimeomba kazi kwenye ofisi ile ile ya wakaguzi, nao wamenikubalia nianze baada ya mahafali. Duka la kwanza nimeshalifunga. Rudisha cherehani ndani kabla mvua haijaitia kutu, na lile koti la pili ulifumue, kitambaa chake bado kizuri. Kwenye ule msumari tundika futi yako.

Mahafali ukija, nitakupokea stendi na nitakushika mkono. Usipokuja, nitaelewa, ila itaniuma.

Mpe mama salamu zangu, umwambie kombe limefunuka na bado yeye ni mama yangu. Msalimie baba mdogo na wote wanaoniulizia. Nisalimie na Bosi. Ukimsalimia, zunguka kwanza usimame mbele yake akuone. Kwa nyuma hatakusikia.

Ni mimi binti yako,
uliyemshonea koti.