Hata salamu kwa Lin

Fides, acha kila kitu usome hii. Shemeji yako Liberati ameitwa leo na ofisi ya usalama wa utafiti, ile inayozuia siri za utafiti zisivuje nje ya nchi, pale chuoni kwake Buffalo.

Wamemkataza kuwasiliana na Lin! Lin, yule mwenzake wa China aliyefanya naye utafiti wa betri miaka sita.

Akauliza, "Hata salamu?"

Yule mama wa ofisini akamjibu kwa upole kabisa, "Hata salamu. Betri zenu hata majeshi yanazitaka."

Hata salamu, Fides!

Amefika nyumbani, koti hajavua, ikaingia meseji ya Lin: "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

Ameisoma mara tatu. Kisha akanipa simu. "Futa namba yake wewe, mimi siwezi."

Nimeifuta mimi.