Mama, Pete Yako Nimeivua

Mama,

Hujambo huko uliko? Najua ungenijibu, "Sijambo, lakini umekula?" Nimekula. Baba amejifunza kusonga ugali, mgumu hata kuku wanaushangaa, na tunaula hivyo hivyo.

Nina jambo la kukiri, na ni wewe tu utakayelicheka.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, hapa Bungoma, Baba alinipa pete yako ya ndoa. Niliitia uzi nikaivaa shingoni, ndani ya blauzi. Unakumbuka ilivyogeuka nyeupe? Tulikuwa bado Kitale, kwenye nyumba za wauguzi. Themomita ilivunjika wodini, ukaiokota zebaki kwa vidole, ukatuletea kwa chupa ya penisilini tuione ikikimbia kwenye sinia. Jioni pete ilikuwa imepauka kama sufuria. Baba akauliza, "Mama Nasimiyu, ile dhahabu yangu umeuza ukanunua bati?" Nawe ukamjibu, "Si zebaki imeipenda tu, bana."

Nimesoma miaka mingi, Mama, na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Mashine yangu inavuta hewa, dhahabu iliyo ndani inaishika zebaki iliyo hewani, kisha dhahabu inapashwa moto na zebaki inapimwa. Hukutaka kusikia hayo. "Daktari gani huyu hawezi hata kudunga mtu sindano," uliwaambia majirani, "ati anapima upepo." Ulisema kwa majivuno, nilikuwa najua.

Basi nikarudi kwenye kibanda chetu cha vipimo, juu mlimani Kapsokwony. Vipimo vya zebaki vikaanza kupanda. Nikasema huu ni moshi wa tumbaku inayokaushwa Malakisi. Utafiti wangu wa baada ya uzamivu ulikuwa unakaribia kwisha bila jipya lolote, na sasa hili hapa. Nilishuka hadi saiba ya Bungoma, kwenye intaneti, nikamwandikia profesa wangu. Alifurahi, akataka tuandike makala, akasema ataniombea muda zaidi.

Chemutai, anayeitunza mashine na kuandika daftari lake, hakufurahi. "Daktari, hii mashine inakujua. Ukikuja inapanda, ukienda inalala." Nilimwambia ni upepo tu.

Halafu asubuhi moja niliinama kubadilisha kichujio, pete ikachomoka kwenye blauzi ikaning'inia mbele ya mdomo wa bomba la hewa. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Moshi wa Malakisi hauna hatia. Ni wewe, Mama. Zebaki ya miaka yote ile ilikuwa bado inatoka kwenye pete yako, kidogo kidogo, na mimi nimeibeba hadi mlimani.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, sikufichi, siku nzima. Lakini nilikuona ukiikung'uta themomita na kumrudia mgonjwa ambaye umeshampima, ukisema, "Themomita haina uongo, mwongo ni mkono." Nikamwandikia profesa kila kitu. Makala haipo tena. Muda zaidi, bado sijui. Nililia, na sikulilia makala. Nililia kwa sababu ilibidi nikuvue.

Pete iko kwenye chupa ya penisilini, kizibo cha mpira kimekazwa, ndani ya sanduku la Baba. Alitaka sonara aichome irudi kuwa ya manjano. Nimekataa. Moshi wake si mzuri kwa sonara, na weupe ule ni wako.

Daftari lina safu ya sababu, kwa vipimo vilivyoharibika. Chemutai aliniuliza aandike nini kwa siku zile zote. Nilimwambia aandike "Mama." Aliandika, siku baada ya siku, hadi ukurasa ukajaa.

Kesho naanza upya, shingo tupu. Nakuahidi, nikikuletea habari, itakuwa ya kweli. Pumzika, Mama, mikono yako imefanya kazi ya kutosha.

Ni mimi mpima upepo wako,
Nasimiyu