Baba na Rangi ya Nje

Jumapili, Ngumbo. Mvua imekatika tangu asubuhi na ziwa limetulia. Mimi sijatulia, ndiyo maana naandika hapa.

Wiki nzima nimetamba humu kwamba namnunulia baba vifaa vya uchoraji. Tangu mama afariki, mzee anashinda barazani anaangalia njia, hasemi. Nikaona yeye, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko uliosifiwa kata nzima, akishika rangi, atachangamka. Alipokubali nilifurahi kama mtoto.

Jana akanifuata Mbinga ninakofanya kazi, tukaingia madukani. Nilishamchagulia boksi la rangi za maji, karatasi nzito na brashi laini, vitu vya mtu anayeanza. Akavitazama, akavirudisha. Akanipeleka duka la vifaa vya ujenzi, akaomba rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi, thina, na brashi mbili nyembamba.

Nikamwambia baba, hizo ni za milango na mageti. Muuzaji akauliza kama anataka ya ndani au ya nje.

"Ya nje," baba akasema. "Inyeshewe isifutike."

Nikacheka. Mzee wangu ni mbishi, nikamwachia. Jioni tukarudi wote huku Ngumbo.

Leo baada ya misa nimezunguka nyuma ya jiko kumwita aje kula. Kaegemeza msalaba wa mbao ukutani, mweupe, unanuka thina. Umeandikwa jina lake. Jina lake kamili, herufi zimenyooka kama za ubaoni. Chini, KUZALIWA na mwaka. Chini yake tena, KUFARIKI, halafu pako wazi.

Nimepiga yowe. Jirani amekuja mbio na fimbo akidhani nyoka.

Nilimfokea baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kama anaumwa ananificha, au anataka nitangulie mimi kwa presha. Yeye anafuta brashi kwa kitambaa, taratibu. Akasema haumwi, wala hana haraka ya kwenda popote. Ila alikwenda kupalilia kaburi la mama, akakuta mvua imefuta maandishi yote, umebaki ubao mtupu. Akanionyesha msalaba mwingine unaokauka kivulini. Wa mama, umeshakamilika.

Hapo nikalia, hasira zikaisha.

Nilidhani tumemaliza. Akanipa ile brashi ya pili.

"Pale pa wazi mimi siwezi kupajaza, mwanangu. Ni kazi yako. Kaa, anza na namba."

Kumbe anayeanza ni mimi. Pale dukani nilikuwa nachaguliwa vifaa vyangu, nacheka.

Nimekaa. Ningefanyaje? Ugali umepoa tukiwa tumeinamia kipande cha ubao. Moja ilikubali. Saba, afadhali. Nane ikatoka kama kibuyu kilichokaliwa na mtu. Akaifuta kwa thina, akasema rudia. Ikatoka mbaya zaidi. Nikamwambia mimi mwanafunzi mzito, itachukua miaka mingi sana. Akacheka, cheko lake la zamani, mara ya kwanza tangu msiba.

Alipoingia ndani kulala kidogo nikajaribu tena peke yangu. Nane ikatoka nzuri kabisa.

Nimeifuta haraka kabla hajaamka.