Koti Ambalo Babu Hakulivaa

Ijumaa, 29 Novemba 1963

Shule imefungwa leo. Bi Hannah, mwalimu wetu, amenipa daftari hili kwa kuwa wa kwanza katika insha. Amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, na nisimwonyeshe mtu.

Nilitaka kuanza na jambo la furaha. Sina. Babu Jumbe alifariki Jumapili ya tarehe kumi, baada ya sala ya alfajiri. Msala wake ulikuwa bado haujakunjwa.

Bibi Mwanasiti yumo katika eda. Miezi minne na siku kumi chumba cha nyuma, bila kutoka. Anaitikia salamu, basi. Chakula anakionja tu, kisha anasogeza sahani.

Zamani nyumba hii haikuwa kimya hivi. Babu alipotoka kazini hakubisha hodi kama watu. Alikohoa mara tatu mlangoni, halafu akauliza: "Wenye nyumba wapo, au nimekosea mlango?"

Bibi alijibu bila kuinua kichwa: "Umekosea. Hapa anakaa mjane."

"Basi nimekuja kuposa."

Ndipo akaingia, na mkono wake mmoja mgongoni. Mkononi mna kitu — ndizi, kipande cha muwa, tambuu ya Bibi. Kila siku. Hata siku za mvua.


Jumapili, 1 Desemba

Nimekuna nazi nikalia. Si kwa vitunguu!

Babu alikuwa akichonga mbuzi za kukunia nazi. Nadhani hapa Msambweni hakuna jiko lisilokuwa na mbuzi yake, na nyingine zimefika Vanga. Akimaliza kuchonga kiti, alinikalisha mimi kwanza. "Mke wangu mdogo akikaa vizuri, na wengine watakaa." Bibi naye huniita mke mwenza. Ndivyo tulivyo, wajukuu na wazee wetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani nimeolewa kweli, nikamwambia Bi Hannah siku ya kwanza darasani. Alicheka mpaka akakaa.

Kusoma hakujua. Lakini alitaka kusomewa kila kitu, hata karatasi iliyofungia sukari. Nikifika mahali ilipochanika alisema, "Soma tena, huyo mtu hakumaliza maneno yake."


Jumanne, 3 Desemba

Shangazi Mwanatumu amekuja kutoka Tiwi kusaidia matayarisho ya arobaini. Alimwangalia Bibi, akatoka nje, akaniita kando.

Akaniambia siku ya arobaini mjukuu lazima amwige marehemu. Avae nguo yake, atembee kama yeye, aseme maneno yake mlangoni kwa mjane. Wazee wetu Wadigo wote walifanyiwa. Watu wacheke, ndipo mjane akumbuke kwamba aliishi na mtu, hakuishi na maiti. Mjukuu mkubwa ni mimi.

Nikasema mimi ni msichana. Akasema, "Kwani nimekwambia ufuge ndevu?"


Jumatano, 4 Desemba

Nimesoma niliyoandika Ijumaa.

"Hapa anakaa mjane." Miaka yote ile ilikuwa mzaha. Sasa ni kweli. Nitamwulizaje Bibi lile swali, na jibu lake ndilo hilo?


Jumamosi, 7 Desemba

Baba amekataa.

Shangazi alimwambia wakati wa kunywa chai. Baba ni mwalimu wa chuo, watoto wa kijiji kizima wamesoma Kurani kwake, na akikataa jambo hapandishi sauti. Alisema tutasoma hitima, tutalisha watu, tutamwombea mzee. Michezo hapana.

Shangazi: "Haji, baba yetu mwenyewe alimwiga babu yake. Akaanguka na fimbo, watu wakacheka wiki nzima."

Baba: "Na mwanamke aliye katika eda aposwe mlangoni kwake? Hata kwa mzaha haifai. Wewe unajua."

Shangazi akakusanya vikombe. Mimi sikuwa nimewaza hilo kabisa — neno la Babu la kila siku, lile tulilolipenda kuliko yote, sasa ni haramu.

Baba hajalia tangu siku ile. Sijamwona.


Alhamisi, 12 Desemba

Uhuru! Malori yamepita asubuhi yote kwenda Kwale, watu wamesimama juu wakiimba. Sisi tuna msiba, hatukwenda. Baba peke yake alitakiwa aende na watoto wa chuo, kusoma dua.

Babu aliingoja siku hii. Mwezi wa tisa alishonewa koti la kijivu na fundi wa Diani, akalipigisha pasi, akalitundika kwenye msumari. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. "Bendera ikipanda," alisema, "nami nitapanda kilima cha Kwale nikiwa mtu kamili." Nikamwuliza kwani sasa ni nusu? Akasema nimsomee gazeti, niache udadisi.

Koti bado liko msumarini. Nimelinusa. Linanuka pasi tu, halinuki Babu.

Nilimpelekea Bibi uji, nikamwambia tumepata uhuru. Akasema, "Alhamdulillahi." Akasogeza bakuli.


Jumapili, 15 Desemba

Nimejaribu peke yangu nyuma ya ghala. Kikohozi nakiweza. Sauti naiweza kidogo. Lakini mkono — ni mkono gani aliokuwa akiuficha mgongoni? Wa kulia au wa kushoto? Nimefumba macho, namwona akiingia, mara huu, mara huu. Mwezi mmoja tu na nimeanza kumsahau! Nimelia kwa hofu.

Baba alinikuta hapo. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Nikamwambia shikamoo kwa sababu sikujua la kusema, ingawa nilikuwa nimemwamkia asubuhi. Akaitikia marahaba. Kisha akauliza kama Bibi amekula leo.

"Hajala, Baba."

Akasema nifanye, kwa ajili ya Bibi. Lakini neno la posa nisilitamke. Nikome pale Bibi atakapojibu, kama atajibu. Nikaahidi.

Nilitaka kumwuliza juu ya mkono. Alikwisha kwenda.


Alhamisi, 19 Desemba

Naandika ndani ya chumba cha Bibi, yeye mwenyewe kaniamuru. Bado nimevaa koti. Nianze mwanzo nisichanganye.

Hitima imesomwa, watu wamekula. Shangazi akanivisha koti kwenye ukumbi, mikono ikafika magotini. Kwenye mfuko wa kifuani nikakuta kibendera cha karatasi, vile vilivyogawiwa Kwale siku ya uhuru. Aliyekwenda Kwale ni mmoja tu. Sikumwambia Shangazi.

Wanawake wamejaa, wananong'ona. Nikashika fimbo ya Babu. Nikaweka mkono wa kulia mgongoni, kwa kubahatisha. Nikakohoa mara tatu mbele ya pazia.

"Wenye nyumba wapo, au nimekosea mlango?"

Pazia halikutikisika. Nikafikiri, nimemuumiza, Mungu nisamehe.

Kisha ndani, kwenye mwanya wa pazia: "Mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kusalimia watu."

Nikabadilisha mkono. Wanawake wakaangua kicheko. Na Bibi, polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu: "Umekosea. Hapa anakaa mjane."

Nikakaa kimya kama nilivyoahidi. Akangoja. Nikangoja.

"Mbona hujibu, mke mwenza? Mzee hakuwa bubu."

"Baba amenikataza, Bibi. Uko katika eda."

Bibi akarudia, "Haji kakukataza." Halafu akacheka! Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka Shangazi akaja kumshika, naye akamsukuma Shangazi akasema aletewe wali, na nyama isiwe ya mafuta. Amekula. Nimemwona kwa macho yangu, sahani nusu.

Akaniambia nisivue koti, nichukue daftari langu — kumbe analijua siku zote — niandike maneno yote ya Babu, na yeye atanikumbusha. Tumefika la kumi na nne. La karatasi ya sukari nimelitoa mimi, Bibi hakulijua. Amenifanya nilirudie mara tatu.

Watu wengi wamekwisha kuondoka. Shangazi anaosha vyombo uani. Bibi ameshika kikombe cha kahawa, ananitajia la kumi na tano —

Kuna mtu nje ya pazia. Naiona miguu. Ni viatu vya Baba.

Amekohoa. Mara moja, mara ya pili. Ya tatu imechelewa, imetoka imekatika.

Bibi ameweka kikombe chini. Anajifunga kanga vizuri. Ananiashiria niendelee kuandika.

Pazia limesogea kidogo, nauona mkono wa kulia wa Baba umeshika ukingo wa mlango. Wa kushoto hauonekani.